Kuliwahi Jino Kabla ya Koleo: Ushauri kuhusu Dawa na Vizibio Vipya vya Meno Yaliyooza

Kuoza kwa meno ni ugonjwa unaokwenda polepole, na ingawa watu wengi huutambua usiku ule maumivu yanapowanyima usingizi, kwa kawaida huwa umeshakaa kinywani kwa miezi mingi, pengine miaka, bila ya kujitangaza. Katika muda huo mrefu jino hupita hatua kadhaa, na karibu katika kila hatua ipo dawa au kipo kizibio kinachoweza kuusimamisha uozo. Lakini wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hufika kwenye kiti cha daktari wa meno wakiwa tayari wamefika hatua ya mwisho, ambapo njia rahisi iliyobaki ni kung'oa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 2 duniani wana meno ya kudumu yaliyooza na hayajatibiwa, na kwamba watoto wapatao milioni 514 wana meno ya utoto yaliyo katika hali hiyohiyo. Makala haya yanaeleza dawa na vizibio vilivyoingia katika tiba ya meno kwa miongo ya karibuni, yakishikilia kwamba faida yake kubwa ni kuwa vingi kati yake havihitaji sindano ya ganzi wala mashine ya kutoboa, ilimradi mgonjwa afike mapema na ajue cha kuuliza.

Ili kufahamu dawa ipi inafaa wakati gani, ni lazima kwanza kuelewa kinachotokea ndani ya jino. Sehemu ya nje ni enameli, tabaka gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, lililoundwa kwa fuwele za kalisi na fosfati. Chini yake ipo dentini, iliyo laini zaidi na yenye rangi ya manjano. Na katikati kipo kiini, chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Juu ya enameli hujengeka ukoga, yaani utando unaonata uliojaa bakteria, na kila mara mtu anapokula au kunywa kitu chenye sukari bakteria hao huigeuza sukari hiyo kuwa asidi katika muda wa dakika chache tu. Ukali wa asidi hiyo unapofikia kipimo cha pH kinachokaribia 5.5, au kushuka chini yake, fuwele za enameli huanza kuyeyuka na kupoteza madini, na mate yanapoidhoofisha asidi, sehemu ya madini hayo hurejea mahali pake. Jino, kwa hiyo, hupoteza na kurudishiwa kila siku, na uozo huanza pale ambapo kupoteza kumezidi kurudishiwa kwa muda mrefu. Ndiyo sababu chai ya sukari inayonywewa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi adhuhuri, au chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari anayoachiwa mtoto mdomoni alalapo, huharibu meno zaidi kuliko kiasi kilekile cha sukari kikiliwa mara moja pamoja na chakula. Hakuna mdudu anayelitafuna jino, ingawa imani hiyo ni ya kale na imeenea sana, na wale wanaouza moshi au matone ya kumtoa mdudu huyo huwapotezea wenzao muda uleule ambao jino lingeweza kuokolewa.

Alama ya kwanza inayoonekana kwa macho ni doa jeupe, la rangi ya chokaa na lisilong'aa, ambalo mara nyingi hutokea kando ya ufizi kwenye meno ya mbele ya juu ya mtoto mdogo. Mzazi anaweza kulitafuta mwenyewe, mara moja kwa mwezi, kwa kumlaza mtoto mapajani, kumnyanyua mdomo wa juu kwa kidole na kuyafuta meno kwa kitambaa safi, kwa kuwa doa halionekani vizuri jino likiwa na mate. Katika hatua hii uso wa enameli haujabomoka bado, na doa linaweza kusimamishwa, hata kurudishiwa madini, bila ya jino kuguswa na chombo chochote cha chuma.

Dawa inayofanya kazi hiyo ni madini ya floraidi. Floraidi ikiwepo kwenye mate, hata kwa kiasi kidogo, huharakisha kurudi kwa kalisi na fosfati kwenye fuwele zilizoanza kuyeyuka, na fuwele zinazojengeka upya pamoja nayo huwa sugu zaidi, hata haziyeyuki mpaka asidi iwe kali kwa kiwango cha pH kinachokaribia 4.5. Kwa sababu kazi hiyo hufanyika juu ya uso wa jino, kinachohitajika ni floraidi kukutana na meno mara kwa mara, na chombo rahisi kuliko vyote cha kulitimiza hilo ni dawa ya meno ya kawaida. Mnunuzi na asome pembeni mwa boksi au tyubu, ambapo kiasi cha floraidi huandikwa kwa herufi ppm, zinazomaanisha sehemu kwa kila milioni. Dawa inayokinga ni ile yenye ppm 1,000 hadi 1,500. Dawa zinazosifiwa kwa mkaa, karafuu au mitishamba peke yake zinaweza kuburudisha kinywa na hata kusugua madoa, lakini zisipokuwa na floraidi hazina uwezo huo wa kurudisha madini, na zile za mkaa zilizo na chembe za kukwaruza huweza kuila enameli yenyewe. Mswaki wa mti, ambao Shirika la Afya Duniani limeutambua tangu miaka ya 1980 kuwa kifaa kinachofaa kusafishia kinywa, huondoa ukoga vizuri ukitumiwa kwa uangalifu, na hakuna kinachomzuia anayeuzoea kuutumia mchana na kupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi asubuhi na usiku.

Kiasi ni jambo la kuzingatiwa sana kwa watoto. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 3 atiliwe dawa isiyozidi ukubwa wa punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, na mtu mzima ndiye ashike mswaki, au angalau amalizie, mpaka mtoto afikishe umri wa miaka 7 au 8, kwani kabla ya hapo vidole vyake havijawa na ustadi wa kufika nyuma. Baada ya kupiga mswaki, povu litemwe bila ya kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kinywani. Desturi ya kujaza kikombe na kusukutua mara tatu au nne huiondoa dawa iliyonunuliwa kwa fedha kabla haijafanya kazi. Mswaki wa usiku ndio wenye uzito kuliko wa asubuhi, kwa kuwa mtu alalapo mate hupungua na jino hukosa mlinzi wake.

Wasomaji wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Nakuru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa wana haki ya kuuliza kama ushauri huu unawafaa, kwa kuwa wamekulia kwenye maji yenye floraidi nyingi kupita kiasi na wameona meno ya kahawia yanayotokana nayo. Madhara hayo hutokea pale mtoto anapomeza floraidi nyingi katika miaka ambayo meno ya kudumu yanaundwa ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hadi karibu miaka 8, na chanzo chake kikubwa ni maji ya kunywa yanayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, pamoja na magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande ili yaive upesi. Kinga ya kweli kwa familia hizo ni kutumia maji ya mvua au maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi Arusha na Nakuru, na kuacha magadi katika chakula cha watoto. Meno yaliyobadilika rangi hayana kinga kamili dhidi ya uozo, na yale yaliyoathirika sana huwa na mashimo madogo yanayoshika ukoga. Kwa hiyo dawa ya meno bado inahitajika, kwa kiasi kidogo na chini ya usimamizi ili mtoto asiimeze. Mzazi anayesita hata hivyo anaweza kumuuliza daktari kuhusu dawa zenye haidroksiapataiti, ambayo ni madini yaleyale yanayounda enameli yakiwa yamesagwa kuwa chembe ndogo mno. Dawa hizo zilianzia Japani, ambako zilikubaliwa kuwa kinga ya meno mwaka 1993. Ushahidi wake bado ni mchache ukilinganishwa na ule wa floraidi na bei yake ni kubwa, lakini haziwezi kumletea mtoto meno ya kahawia hata akizimeza.

Zaidi ya mswaki wa nyumbani, kuna kinga mbili zinazopatikana kliniki. Ya kwanza ni vanishi ya floraidi, uji mzito wenye ppm 22,600 za floraidi ambao hupakwa kwa brashi juu ya meno yaliyokaushwa, huganda mara unapokutana na mate, na huachia floraidi kwa saa kadhaa. Hupakwa mara mbili kwa mwaka, au mara nne kwa mtoto ambaye meno yake yameshaanza kuharibika, na kazi yote humalizika kwa dakika chache. Mtoto asipewe vyakula vigumu siku hiyo, na mswaki uahirishwe mpaka kesho yake asubuhi.

Ya pili ni silanti, yaani utando mwembamba unaomiminwa kwenye mifereji ya meno ya kutafunia, na hapa pana jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila ya jino lolote kung'oka ili kulipisha, na kwa sababu hiyo wazazi wengi hulidhania kuwa jino la utoto litakalotoka lenyewe baadaye. Gego hilo ndilo linalooza mara nyingi kuliko meno yote ya kudumu, kwa kuwa mifereji yake ni mirefu na myembamba kiasi kwamba unywele wa mswaki hauingii, na huchukua miezi mingi kuchomoza kikamilifu huku likiwa chini ya usawa wa meno mengine, mahali ambapo mswaki unapita bila kuligusa. Mtoto anapofikisha miaka 6, na tena anapofikisha miaka 12 ambapo gego la pili huota, apelekwe kliniki hata kama hasikii maumivu yoyote, na mzazi aulize waziwazi kama mifereji ya magego hayo inahitaji kuzibwa. Silanti ya utomvu hudumu zaidi lakini inataka jino lililo kavu kabisa, kwa hiyo gego ambalo bado limefunikwa nusu na ufizi huzibwa kwa muda kwa saruji ya glasi ayonoma, itakayoelezwa hapa chini, ambayo huvumilia unyevu.

Doa likishapasuka na kuwa tundu linalofika kwenye dentini, wengi hudhani kwamba sasa hakuna njia ila mashine. Katika hatua hii ndipo dawa iitwayo floraidi ya fedha, kwa jina kamili floraidi ya fedha na amonia, ilipobadilisha mambo. Dawa hiyo ilitengenezwa Japani katika Chuo Kikuu cha Osaka mwishoni mwa miaka ya 1960 na ikaruhusiwa kutumika nchini humo mwaka 1970, lakini nje ya Japani na nchi chache nyingine haikujulikana sana mpaka mwaka 2014, Marekani ilipoiruhusu kwanza kwa ajili ya meno yanayohisi baridi, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Ni maji yasiyo na rangi au yenye rangi ya samawati, yenye nguvu ya asilimia 38 na floraidi ya takriban ppm 44,800, ambayo tone lake moja hutosha kwa meno kadhaa. Madini ya fedha yaliyomo huwaua bakteria walio ndani ya tundu, na floraidi huigandisha dentini iliyolainika mpaka ikawa ngumu tena, hata ncha ya chombo cha daktari haizami. Mtoa huduma huondoa mabaki ya chakula, hupaka mafuta mazito kwenye midomo ili isipate doa, hulikausha jino kwa pamba, kisha hulipaka dawa kwa kibrashi kidogo kwa muda wa dakika moja hivi. Hakuna sindano, hakuna mashine, na mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye asingekubali kufungua kinywa kwa kitu kingine huweza kutibiwa akiwa amekaa mapajani mwa mama yake.

Gharama ya dawa hii si ya pesa. Sehemu iliyooza hugeuka kuwa nyeusi, na weusi huo hautoki. Enameli isiyooza haibadiliki rangi, lakini tundu lililo kwenye jino la mbele litaonekana kila mtoto anapocheka. Mzazi anapaswa kuonyeshwa picha na kupewa nafasi ya kukubali au kukataa kabla dawa haijapakwa, na mtoa huduma anayeipaka bila ya kueleza jambo hilo amekosea, hata kama matokeo ya tiba ni mazuri. Katika kuamua, mzazi na apime kwamba weusi huo ndio alama ya uozo uliosimama, kwamba meno ya mbele ya utoto hutoka kati ya miaka 6 na 8, na kwamba njia nyingine ya kumtibu mtoto mdogo mwenye meno mengi yaliyooza mara nyingi ni kulazwa usingizi hospitalini au kung'olewa. Kwa meno ya nyuma, ambayo hayaonekani, ni vigumu kupata sababu ya kuikataa. Dawa hii pia huwafaa wazee ambao ufizi umeshuka na mizizi ya meno imeanza kuoza, pamoja na watu wenye ulemavu wasioweza kukaa kwenye kiti kwa muda mrefu. Haifai kwa mwenye mzio wa madini ya fedha, wala kwa kinywa chenye vidonda, wala kwa jino ambalo kiini chake kimeshaathirika, yaani linalouma lenyewe usiku au lililotoa usaha kwenye ufizi. Ikidondokea ngozi huacha doa la kahawia linalofifia kwa siku kadhaa, na ikidondokea nguo haifuliki. Jambo la mwisho, na ambalo husahauliwa sana, ni kwamba mpako mmoja hautoshi: tafiti zimeonyesha kuwa kupaka mara mbili kwa mwaka husimamisha uozo katika meno mengi zaidi kuliko kupaka mara moja.

Jino lililopakwa dawa hiyo bado lina tundu, na tundu hushika chakula. Kulijaza kuna faida ya kulisafisha kwa urahisi na ya kutafuna vizuri. Kizibio kinachofaa zaidi mazingira ya zahanati na shule za Afrika Mashariki ni saruji ya glasi ayonoma, iliyovumbuliwa London na Alan Wilson na Brian Kent na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa kioo maalumu chenye floraidi na asidi isiyo kali, na mchanganyiko huo huganda wenyewe ndani ya dakika chache bila ya umeme wala taa. Sifa yake ya pekee ni kwamba hujishikiza kwenye jino kwa muungano wa kikemikali na kalisi, kwa hiyo hapana haja ya kulichonga jino zima ili kukipatia kizibio mahali pa kushikilia, na baada ya kuganda huendelea kuachia floraidi na kujijaza tena kila mtu anapopiga mswaki kwa dawa yenye floraidi.

Saruji hiyo ndiyo iliyoipa nguvu njia ya kutibu kwa vifaa vya mkono, ambayo Watanzania wana sababu ya kujivunia kwa kuwa ilizaliwa nchini mwao. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtaalamu wa Kiholanzi Jo Frencken na wenzake walikabili hali ya vijiji visivyo na umeme, ambako mashine za kutobolea meno hazikuweza kufanya kazi, wakajaribu kuondoa uozo laini kwa vijiko vidogo vya chuma na kuziba tundu kwa saruji iliyopatikana wakati ule. Majaribio makubwa yaliyofuata Thailand na Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990 yaliithibitisha, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa dunia nzima. Njia iliyoanza kwa kukosa umeme leo hutumiwa hata katika kliniki zenye kila kifaa, kwa sababu wagonjwa hawaiogopi sana, haihitaji ganzi katika matibabu mengi, na huhifadhi sehemu kubwa zaidi ya jino.

Wagonjwa wengi hushtuka wakiambiwa kwamba karibu na kiini daktari ameacha dentini laini kidogo kabla ya kuziba, wakadhani wamehudumiwa nusu. Utaratibu huo ni sahihi, na ndio unaopendekezwa sasa kwa matundu marefu: kingo za tundu husafishwa kabisa ili kizibio kishike bila nafasi, lakini chini kabisa, ambapo kuendelea kukwangua kungelitoboa jino mpaka kwenye kiini, huachwa tabaka jembamba, na bakteria waliobaki, wakiwa wamefungiwa bila ya sukari, hudhoofika na uozo husimama. Kinachopaswa kumtia mgonjwa wasiwasi ni kizibio chenye ufa au kingo zilizoinuka, kwa kuwa hapo ndipo sukari hupenya.

Glasi ayonoma ina mipaka yake. Hufanya kazi vizuri sana kwenye tundu lililo upande mmoja wa jino, lakini pale uozo ulipokula pande mbili au zaidi za gego huvunjika au kulika mapema, na rangi yake haifanani kikamilifu na ya jino. Kwa matundu makubwa na kwa meno ya mbele ya mtu mzima kinachofaa ni kompositi, utomvu uliochanganywa na chembe za kioo, uliotokana na kazi ya Rafael Bowen aliyoipatia hataza mwaka 1962 huko Marekani, na unaogandishwa kwa taa ya samawati tabaka baada ya tabaka. Kompositi ni imara na hupendeza, lakini haisamehe uzembe: tone la mate au la damu likiingia wakati wa kuziba, kizibio hakitashika ipasavyo hata kama siku hiyo kinaonekana kizuri. Mgonjwa anayelipia kompositi ana haki ya kutarajia jino litengwe vizuri na mate, kwa pamba zinazobadilishwa mara kwa mara au kwa kitambaa cha mpira, na kuona taa ikiwashwa zaidi ya mara moja kwa tundu refu. Kazi iliyofanywa kwa haraka hapa ni hasara kuliko saruji ya bei nafuu iliyowekwa kwa makini.

Kuhusu vizibio vya zamani vya rangi ya fedha, viitwavyo amalgamu, ambavyo karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, mataifa yaliyo katika Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, yalikubaliana mwaka 2022 kwamba visitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15 wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima, na mwaka 2025 yakaweka mwaka 2034 kuwa kikomo cha matumizi yake. Mkataba huo unalenga hasa kuyalinda mazingira. Mwenye kizibio cha amalgamu kilicho kizima asikimbilie kukitoa, kwa kuwa kukitoboa ndiko kunakotoa mvuke wa zebaki kwa wingi na ndiko kunakolipunguza jino; kibadilishwe kitakapovunjika.

Hata tundu lililokikaribia kiini, au lililokigusa kidogo, siku hizi si hukumu ya kung'olewa. Saruji za kalisi na silika, ambazo ya kwanza kati yake ilibuniwa na Mahmoud Torabinejad huko California mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kutumia aina ya saruji inayofanana na ile ya ujenzi iliyosafishwa, huwekwa juu ya kiini na kukichochea kujenga dentini mpya. Zinafaa pale ambapo jino huuma kwa baridi au sukari na maumivu kukoma mara kichocheo kinapoondolewa. Maumivu yanayoendelea kwa muda mrefu au yanayozuka yenyewe humaanisha kwamba kiini kimeharibika na panahitajika matibabu ya mzizi. Kwa magego ya utoto yaliyolika pande kadhaa ipo njia iliyopewa jina la daktari wa Uskoti, Norna Hall, ambayo hulifunika jino zima kwa kofia ya chuma iliyojazwa glasi ayonoma, bila ya kuchonga wala kuondoa uozo, na huwafanikia watoto wengi mno kuliko vizibio vya kawaida. Mtoto atahisi amebanwa anapouma kwa siku chache, na mzazi asiingiwe na hofu.

Magazeti huandika pia kuhusu peptidi zinazojipanga zenyewe ndani ya doa jeupe, kioo hai kinachoachia kalisi, mchanganyiko wa protini ya maziwa, na utomvu unaonyonywa na enameli. Vyote ni vya kweli na baadhi vina manufaa kwa madoa ya mwanzo, lakini kwa sasa ni ghali na vigumu kupatikana, na familia yenye fedha ya kununua kimojawapo ingefaidika zaidi kwa kuitumia kwa silanti za magego ya watoto wote nyumbani.

Anapofika kliniki, mgonjwa na aulize mambo matatu kabla ya kukubali chochote: uozo umefika wapi, kwenye enameli, dentini au kiini; je, unaweza kusimamishwa bila ya kutoboa; na ikiwa jino litazibwa, litazibwa kwa kizibio gani na kwa nini hicho. Mtoa huduma anayejua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Zahanati isipokuwa na floraidi ya fedha au glasi ayonoma, mgonjwa aombe rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa badala ya kukubali jino lisilouma ling'olewe kwa kuwa tu koleo lipo.

Aliyezibwa kwa glasi ayonoma asitafunie upande huo kwa saa moja, na ajiepushe na vitu vigumu siku hiyo nzima. Aliyepakwa floraidi ya fedha akaguliwe baada ya wiki mbili hadi nne, ili ionekane kama tundu limekuwa jeusi na gumu, kisha arudi baada ya miezi 6 kwa mpako mwingine, na mzazi aandike tarehe hiyo kwenye kadi ya kliniki ya mtoto kabla hawajatoka mlangoni. Kizibio kikitoka chote au kikivunjika kipande, jino lisiachwe kwa hoja kwamba haliumi, bali lirudishwe kwa mtoa huduma ndani ya siku chache, kwa kuwa dentini iliyokuwa imefunikwa sasa iko wazi, na kulijaza tena wakati huo ni kazi ya dakika chache.